Hii "waive" ni kusamehewa au ni kunyimwa? Naona inagongana

Ngosha wa Kahama

Wakuu habari za jioni, naombeni mnisaidie hii vebu ya Kiingereza "waive" maana inanichanganya kweli. Kuna chuo kimoja huko Marekani mdogo wangu aliomba, wakamjibu kwa imeili "your application fee has been waived", tukauliza tukaambiwa ndo kasamehewa ada ya maombi hiyo, tukafurahi yakaisha. Sasa jana nimeletewa mkataba wa mkopo nisaini kama mdhamini wa jamaa yangu, humo ndani kuna mstari unasema "the guarantor waives any right to require the lender to proceed first against the borrower", nikajiuliza hapa tena nasamehewa nini mimi? Afisa mkopo anasema hiyo ni lugha ya kawaida ya kisheria we saini tu. Sijasaini bado, kesho kutwa ndo wanataka karatasi zao. Dikshenari inasema kuacha, kusamehe, lakini kwenye huo mstari sioni nani anamsamehe nani. Anayeijua anieleweshe taratibu na matumizi yake.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu umefanya la maana sana kutosaini kitu hujakielewa. Waive ni kuacha kwa hiari yako kitu ambacho ulikuwa na haki ya kukidai au kukitumia. Kwahiyo swali la kwanza kila ukikutana nayo ni haki ilikuwa ya nani, huyo ndo anayeacha. Chuo kilikuwa na haki ya kumdai dogo ada, kikaiacha, dogo akapona. Kwenye mkataba wako anayetajwa kuacha ni "the guarantor", yaani ni wewe. Maana ya huo mstari ni kwamba unaachia haki yoyote ya kumwambia mkopeshaji "nenda kamdai mkopaji kwanza, akishindwa ndo uje kwangu". Akitaka anakuja moja kwa moja mlangoni kwako hata kama jamaa yako ana gari na kiwanja.

Na upande wa sarufi, kinachokuwa waived ni ada, haki, sharti, riba, adhabu. Mtu hawi waived. Wengi wanaandika "I was waived the fee" au "waived from paying", hiyo siyo, sema "the fee was waived" basi. Ukitaka kumtaja mtu tumia exempt, "I was exempted from the fee".

Dada wa Dirisha Namba 4

Hapo kwenye exempt na waive naomba niongezee maana ndo kazi yangu ya kila siku hospitali, Kiswahili tunaziita zote msamaha halafu watu wanagombana na sisi dirishani. Mtoto chini ya miaka 5, mama mjamzito, mzee asiyejiweza wa miaka 60 kuendelea, hao wako kwenye exemption, yaani utaratibu umeshawatoa kwenye kulipia tangu mwanzo kwa sababu ya kundi lao. Waiver ni tofauti, huyu ni mtu mzima kabisa ambaye anatakiwa kulipa kama wengine ila hana uwezo, anapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, anahojiwa, akithibitika bili inaachwa yote au sehemu. Deni lilikuwepo, likaachwa. Ukilikamata hilo hutaichanganya tena.

Mzee wa Magazeti

Matamshi yake ni sawasawa na wave ya kupunga mkono, kwahiyo kwa kusikia huwezi kuzitofautisha, angalia maandishi. Na kuna "waver", hiyo ni kusitasita, haina undugu na waiver yenye i.

Utaikuta sana kwenye habari za kimataifa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 wa mahusiano ya kidiplomasia, kifungu cha 32, unasema kinga ya balozi inaweza kuwa waived na nchi iliyomtuma, na lazima itamkwe wazi. Ona sasa, siyo balozi mwenyewe anayeiacha, maana kinga ni mali ya nchi yake, inarudi palepale alipopasema Mwalimu, mwenye haki ni nani.

Ila kwenye basketi ya Marekani mchezaji ndo anakuwa waived kabisa, mtu mwenyewe. Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania, alichaguliwa namba 2 mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies pale timu za NBA (ligi yao ya basketi) zinapochagua wachezaji wapya, mwaka 2014 akapelekwa timu ya Philadelphia nao wakamu-waive, yaani timu imeachia haki zake juu yake, timu nyingine ikimtaka imchukue. Hayo ni matumizi ya michezo tu, kwenye barua ya ofisi usiyapeleke.

Ngosha wa Kahama

Nimeelewa sasa, asanteni sana. Kwahiyo nikiukata huo mstari nakuwa salama?

Wakili wa Mtaa wa Pili

Hapana ndugu yangu, hapo usijidanganye. Sheria ya Mikataba ya Tanzania yenyewe inasema wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji isipokuwa mkataba uwe umesema vingine, kwahiyo ukikata mstari halafu usiandike kitu bado unaweza kudaiwa. Ule mstari unakufungia tu mlango wa kubishana. Unachotakiwa kuomba ni kiandikwe kabisa kwamba mkopeshaji aanze na mali za mkopaji, na dhamana yako iwe na kikomo cha kiasi, mfano kama mkopo ni milioni 10 wewe unadhamini milioni 3 na siyo zaidi. Wakikataa, hapo unajua unachokubali.

Alafu angalia kurasa za mwisho, mara nyingi kuna "no failure or delay shall operate as a waiver". Maana yake hata wakikaa miezi bila kumsumbua jamaa yako au wakimvumilia akichelewesha rejesho, ukimya wao hauhesabiki kuwa wamesamehe. Usije ukasema mbona mlinyamaza. Omba nakala uende nayo nyumbani, na huyo unayemdhamini akae na wewe msome wote.