Tochi ya mkononi au ya kufunga kwenye bunduki? Naomba ushauri

KondeKaskazini: Assalaam alaykum. Nipo Pemba, msimu wa karafuu, tunazianika uani. Mara mbili usiku nimesikia nyayo uani. Bunduki ya marisau ipo ndani, nataka tochi. Niifunge mtutuni au niishike mkononi? Umeme ukikatika sioni hata kidole changu.

Ukuti: Waalaykum salaam. Mkononi, yakhe. Ikiwa mtutuni, kila unachokimulika umeshakilenga. Ya mkononi unaimulika darini, mwanga unaenea chumba kizima, unamjua mtu sura bila kumwelekezea bunduki. Lumeni, yaani kipimo cha mwanga, 300 hadi 500 zatosha ndani. Ukuta wa chokaa ukipigwa na 1000 unakurudia machoni. Bonyeza kidogo, zima, sogea.

FundiBetri: Kabla ya tochi, betri. Ile 18650, betri ya tochi ya kuchaji, iliyoandikwa mAh 9900 (kiasi cha chaji) ni ya uongo, nzuri huishia 3500 hivi. Ipime kwenye mizani: nzima ina gramu 45 na kitu, ya uongo mara nyingi nyepesi. Ikijaa, volti 4.2. Chumvi ya hewa yetu hula springi, zifute kwa pamba yenye spiriti. Mpira wa kifuniko upake grisi ya silikoni.

KondeKaskazini: Ahsanteni. Ila bunduki yataka mikono miwili, tochi nishike na nini? Ya kufunga nishaiagiza Unguja, inafika bandari ya Mkoani kesho.

MamaWaChake: Mwanangu, hujasema nyumbani mpo wangapi, na choo kiko wapi.

KondeKaskazini: Tupo saba. Choo kipo uani. Mama hutoka saa nane usiku, pengine bila taa. Lakini nyayo zake nazijua.

MamaWaChake: Utazijua umetoka usingizini, mvua inapiga bati? Tia taa ya sola yenye kihisi juu ya mlango wa choo, mita mbili na nusu kutoka chini. Paneli isikae kivulini mwa mwembe, kihisi kisitazame matawi yanayopepea, kitawaka usiku kucha.

Msomaji7: Uzi huu una walakini. Bunduki ya namna gani?

KondeKaskazini: Mitutu miwili, ya zamani.

Msomaji7: Hiyo haina reli ya kufungia vifaa. Tochi itashika wapi? Na karafuu gani zinalala uani zipigwe na umande? Hadithi ya kutunga hii.

KondeKaskazini: Wallahi sikutunga. Karafuu tunazianua alasiri, zinalala ukumbini. Tochi nilikusudia kuikaza kwa klampu za bomba. Bunduki ni ya marehemu baba. Kibali kina jina lake.

Ukuti: Klampu ikikazwa sana inabonyeza mtutu, ikilegea teke la kwanza linaing'oa. Lakini hilo tuliache. Kibali ni cha mtu, hakihami na mirathi. Usiibebe barabarani, usiiguse. Chukua cheti cha kifo na kile kibali, mpitie sheha, kiongozi wa mtaa wenu, mwende kituoni mikono mitupu. Waambie ilipo, wakuelekeze.

KondeKaskazini: Wakinishika kwa kuchelewa?

MamaWaChake: Ndiyo maana uende na sheha. Usingoje Jumatatu, mwanangu.

KondeKaskazini: Nishampigia, kasema baada ya adhuhuri. Tochi nitaitumia kwa mkono.

FundiBetri: Swichi ya tochi iko mkiani au ya waya, ile ya kubandika bundukini?

KondeKaskazini: Ya waya.

FundiBetri: Basi muulize muuzaji kifuniko chenye kitufe cha mkiani, kabla boti haijaondoka.