Naomba ushauri: kaunta ya jiko kwa mbao za mninga zilizotoka nyumba iliyobomolewa

Habari zenu wakuu, hasa mafundi seremala.

Jiko ni la mtindo wa shamba, bajeti ndogo. Kaunta ina urefu wa mita 2.4, kina sm 60, kimo sm 90. Mbao ni mninga wa inchi 1 kwa 8. Misumari imeng'olewa na sumaku imepitishwa, maana msumari mmoja uliobaki unaharibu visu vya randa ya umeme. Mbao tatu zikinyooshwa kingo na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, upana unabaki kama sm 57, hivyo kipande cha sm 3 kitaongezwa upande wa ukuta.

Milango ya kabati itatoka kwenye paleti zenye muhuri wa HT, yaani zilizopashwa joto. Zenye MB zilifukizwa kwa sumu, nimezitenga.

Kinachonipa hofu ni sehemu ya sinki. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, na ikibanwa pande zote kwenye fremu hupasuka. Nafikiria matundu marefu ya mm 5 kwa 15 kwenye fremu ili skrubu ipate kucheza. Je, yanatosha kwa upana huo?

Halafu, nipake mafuta ya kitani au vanishi? Vanishi ikichubuka, maji hupenya chini yake na mbao hugeuka nyeusi. Mafuta hurudiwa kirahisi ila yanazuia maji kidogo tu. Na kingo za tundu la sinki, epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu) kwanza ndipo silikoni, au silikoni peke yake inashika?