Naombeni ushauri: kyubu ya OLAP ni kitu gani? Jumatatu natakiwa niioneshe

KaraniNgamiani: Wakuu, habari za jioni. Ni karani kwenye duka la jumla hapa Tanga. Bosi ana maduka matatu: Ngamiani, Muheza na Pangani. Kasikia kwa watu kwamba hesabu siku hizi zinachambuliwa kwa kyubu ya OLAP, naye anaitaka. Nimesoma, sijaambulia kitu. Lugha nyepesi tafadhali.

BintiRaskazoni: Pole kaka. Mimi bosi alitaka nimtolee "takwimu za mbele". Nikamchorea mishale inapanda tu. Kafurahi, mshahara uleule.

MzeeWaData: Jina OLAP (Online Analytical Processing, yaani kuchambua data papo kwa papo) lilikuja na Edgar Codd, mtaalamu wa hifadhidata, mwaka 1993, kwenye andiko lililogharamiwa na kampuni iliyokuwa ikiuza programu ya aina hiyohiyo. Yaani hata kyubu yenyewe ilianza na bosi na mfuko wake.

FundiMeza: Historia haitamvusha Jumatatu. Mkuu, kila mauzo yana maswali: lini, duka gani, bidhaa gani. Hizo ndizo pande za kyubu, yaani mchemraba. Kijumba cha Machi, Muheza, sukari kina namba, tuseme viroba 40. Hicho ndicho kipimo. Ukitaka Muheza peke yake unakata kipande, kama mkate wa kumimina. Ukitaka mwaka mzima unapanda, ukitaka siku moja unashuka. Jumla nyingi zinapigwa mapema, ndiyo maana jibu linakuja upesi. Pande zinaweza kuzidi tatu, jina lisikutishe. Kwa maduka matatu, pivoti ya Excel (jedwali linalokujumlishia data) inakutosha. Ila mbona una haraka hivyo?

KaraniNgamiani: Haraka ya kawaida tu.

FundiMeza: Karani, sema.

KaraniNgamiani: Haya. Ripoti nilishaituma juzi. Nilimwambia kyubu naijua tangu chuo. Sasa ripoti inasema Ngamiani tuna viroba 9,000 vya sembe, na stoo yenyewe ukiingiza 500 mlango haufungi.

FundiMeza: Kila jioni vinabaki vingapi?

KaraniNgamiani: Kama 300.

FundiMeza: Umejumlisha masalio ya siku 30! Kiroba kilekile umekihesabu kila jioni. Mauzo yanajumlika siku hadi siku, masalio hayajumliki. Ya maduka matatu jioni moja, sawa, jumlisha. Ya mwezi, chukua ya siku ya mwisho au wastani. Kamwambie bosi kabla hajaagiza gari.

KaraniNgamiani: Nimeshamwambia ni virusi vya kompyuta. Na nisingesema naijua, kazi angempa mpwa wake. Nyie mngefanyaje?

UstadhChumbageni: Riziki ya uongo haina baraka. Kamwangukie mzee wa watu.

BintiRaskazoni: Ustadh, kodi ya nyumba atamlipia nani?

Kobe_Mzee: Ngojeni kwanza. Mleta mada huyuhuyu mwezi uliopita alitutoa machozi hapa: yuko Bagamoyo, anauza dagaa, mke kamkimbia na mtaji. Leo karani Tanga? Waja leo waondoka leo, lakini si kwa kasi hii.

KaraniNgamiani: Ule uzi aliandika shemeji, akaunti tunatumia wawili.

MzeeWaData: Chai. Na mimi nimekaa namtajia Codd.

FundiMeza: Iwe chai isiwe chai, masalio hayajumlishwi.

BintiRaskazoni: Mwambie shemeji aje basi. Dagaa ndoo moja anauza bei gani?