Kodi imetoka 250,000 hadi 350,000 Tabata: ndiyo bei ya mtaa au naonewa?

Mama Kimanga (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za leo. Naombeni ushauri, wiki nzima silali. Tumepanga Tabata Kimanga: vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani. Mwaka wa nne huu tunalipa 250,000 kwa mwezi, miezi sita sita. Juzi nimeambiwa kuanzia mwezi ujao ni 350,000, na ya miezi sita niilete kwa mkupuo, yaani 2,100,000. Nyumba haijaguswa hata rangi. Nitajuaje kama hiyo ndiyo bei ya mtaa?

Mtoto wa Barakuda
Fensi ipo? Luku yako au mnachangia? Maji ya bomba au kisima? Dada, huwezi kuuliza bei ya gauni bila kutaja kitambaa.

Mama Kimanga
Geti lipo. Luku tunachangia familia tatu. Maji ya bomba, yakikatika tunanunua ya boza.

Dalali Mstaafu
Nimezungusha watu Tabata na Segerea miaka tisa, nisikilize. Usimuulize jirani aliyekaa miaka mitano, huyo analipa bei ya zamani. Wala usishike bei ya dalali, ile ni ya kuanzia mazungumzo, na dalali anakula kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo ikipanda naye anapanda. Tafuta watu watatu walioingia karibuni, nyumba za aina yako, mtaa huohuo. Waulize walitoa ngapi, usiwaulize walitajiwa ngapi.

Halafu jumlisha ya pembeni. Luku ya kuchangia ni ugomvi wa kila wiki, mwenye friji na asiye na friji wanatoa sawa. Maboza nayo ni kodi. Na kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye Luku tangu 2021: ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Deni ni la mwenye jengo, anayenunua umeme ni wewe. Tena anayechukua miezi sita mbele amekukopa bila riba, hilo peke yake ni sababu ya kupunguziwa. Nyumba yenye Luku ya kuchangia mimi nisingempeleka mteja kwa 350,000.

Mzee wa Ilala
Zamani ungekwenda barazani. Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya 1984, mwenye nyumba hapandishi anavyoota. 2005 ikafutwa, leo ni maelewano yenu wawili. Sisi tumekulia nyumba za Msajili, zile zilizotaifishwa 1971. Mama alikuwa anakunja risiti za kodi kwenye kopo la maziwa, na mpaka anafariki hakuna aliyewahi kumgongea mlango. Nalikumbuka lile kopo kuliko vyombo vyote vya nyumba ile.

Upepo wa Mvita
Huku Mombasa baraza la kodi lipo, lakini sheria yake yahusu nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni nyumba ya bei hiyo mjini leo.

Kiwanja Kwanza
Miaka minne kwa 250,000 ni milioni kumi na mbili. Hiyo ni nyumba yako Mkuranga, imeezekwa. Vijana acheni kupanga, nendeni mkajenge.

Dada wa Segerea
Kaka, watoto wake watasoma Mkuranga na yeye afanye kazi wapi? Mama Kimanga, mkataba unasemaje? Na aliyekwambia bei imepanda ni mwenye nyumba mwenyewe?

Mama Kimanga
Mkataba hatukuandikishana, tuliaminiana. Nilichouliza ni bei tu.

Dada wa Segerea
Nimeuliza mawili, umejibu moja. Nani kakwambia?

Mama Kimanga
Sawa. Nyumba ni ya shangazi yake mume wangu, anaishi Muscat. Anayepokea kodi ni baba mkwe mdogo, anakaa banda la uani. Yeye ndiye kaniambia. Shangazi sijaongea naye tangu Iddi.

Mtoto wa Barakuda
Kumbe! Umetupitisha Ilala, Mombasa na Mkuranga, na jibu liko banda la uani.

Dalali Mstaafu
Ningejua hili nisingeandika yote yale. Mpigie mwenye mali. Mumeo anasemaje?

Mama Kimanga
Mume wangu dereva wa malori, yuko njia ya Lubumbashi, sijamwambia. Na msinihukumu: baba mdogo ndiye aliyesimamia harusi yetu, mtoto alipolazwa ndiye aliyekesha hospitali. Nitampitaje nikaulize juu yake? Shule iko hatua mia mbili. Nimeshampa ya miezi mitatu, 1,050,000, nimekopa kwenye kikoba. Nilitaka tu kujua kama nimelipa bei ya haki.

Dada wa Segerea
Kwa hiyo umeshalipa, unataka tukupe moyo.

Daftari la Zamani
Subirini. Januari huyu huyu aliandika anaishi Kimara, maji ya mvua yameingia ndani, afanyeje. Leo yuko Tabata mwaka wa nne. Hii chai, tena ya maziwa.

Kiwanja Kwanza
Nilijua. Baba mdogo, Muscat, Lubumbashi, ilibaki meli tu.

Mama Kimanga
Ya Kimara ni ya mdogo wangu, hana simu janja, nilimuulizia. Uzi ule upo, someni mstari wa kwanza.

Daftari la Zamani
Nimeusoma. Umeandika "chumbani kwangu".

Mzee wa Ilala
Hata kama ni chai, Dar hii nyumba ngapi mwenyewe yuko ng'ambo na kodi inapokewa na ndugu? Mwacheni mwenzenu. Binti, msalimie shangazi. Kusalimia si kushtaki.

Mama Kimanga
Nimemtumia salamu jana usiku, nikasema tu maisha yamepanda, kodi inatuelemea. Asubuhi hii amejibu kwa sauti. Naandika alivyosema: "Mwanangu, hiyo laki na themanini inawashinda? Si nilimwambia asiwapandishie?"

Dalali Mstaafu
Laki na themanini?

Mama Kimanga
Ndiyo. Nimeirudia mara nne.

Daftari la Zamani
Sikiri bado.

Dada wa Segerea
Wewe usikiri. Mama Kimanga, sauti hiyo usiifute, na ile miezi mitatu iliyobaki usimpe mtu. Mumeo anarudi lini?

Mama Kimanga
Ijumaa. Baba mdogo yuko hapa nje sasa hivi, anamfunga mtoto kamba za viatu.