Mabua, makapi na mabibo ya Pwani: yageuzwe ethanoli?

Likoni:
Hoja inayozunguka Mombasa ni kwamba Pwani ijenge kiwanda kikubwa cha kutoa ethanoli, yaani spiriti ya kupikia, kwa mabaki ya mashamba, hasa mabua ya mahindi, tupunguze makaa jikoni. Makaa tupunguze, hilo sina ubishi nalo. Kuanza na mabua ndiko ninakokupinga.

Utomvu wa mnazi huchachuka wenyewe kwa kuwa sukari imo tayari. Bua halina wepesi huo. Sukari yake imefungwa ndani ya selulosi, zile nyuzi za mmea, na selulosi imegandana na lignini, kitu kinachoupa mmea ugumu. Sharti lipikwe kwa mvuke au asidi, kisha vimeng'enya (enzaimu) viikate selulosi iwe glukosi, sukari nyepesi, ndipo hamira ifanye kazi. Vimeng'enya ni ghali. Kampuni ya DuPont walifungua kiwanda cha ethanoli ya mabua mjini Nevada, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 2015. Kufikia 2017 walishatangaza kujitoa. Kampuni ya Clariant nao wakajaribu majani ya ngano huko Podari, Romania. Uzalishaji ulianza 2022, na mwisho wa 2023 wakatangaza kufunga. Wenye mitaji ile wameshindwa, sisi tuanzie hapo kwa pesa za nani?

Tuanze na chenye sukari wazi. Muhoroni, magharibi mwa Kenya, walitoa ethanoli kwa molasi, ile shira inayobaki sukari ikishatengenezwa, tangu miaka ya 1980, ikachanganywa na petroli. Kwale miwa ilirudi baada ya kiwanda cha Ramisi kufungwa 1988. Na mabibo je? Korosho yatolewa, bibo laachwa lioze chini ya mkanju.

Mkulima, Msambweni:
Dadangu, kwa mabua tuko pamoja, ila mie naongeza: bua si taka. Kiangazi ng'ombe wangu ndiyo chakula chao, na yanayosalia nayarudisha shambani, maana udongo wetu ni mchanga mtupu. Makapi ya miwa nayo viwanda huyachoma kupata mvuke na umeme. Sasa hayo mabaki yasiyo na mwenyewe yako wapi? Bibo nalo msimu wake mfupi, na likianguka leo, kesho limeharibika. Utalibeba vipi mpaka Mombasa?

Likoni:
Kaka, silibebi. Likamuliwe na kuchachushwa huko huko Kilifi na Kwale, kwa mitambo midogo ya vyama vya wakulima. Msimu ukiisha, mitambo ishike molasi na maembe yaliyokataliwa sokoni. Nataka mkulima alipwe kwa kilo, asije akaambiwa kwamba tunamsaidia kuondoa uchafu.

Mama wa Kisauni:
Wanangu, mwasema ya shamba, mimi nipikaye sijasikia langu. Lita ya ethanoli ina nishati kama asilimia 60 tu ya lita ya mafuta ya taa. Ikiuzwa bei moja na mafuta ya taa, sufuria ya maharagwe yanila mimi. Watu wengi huku hununua makaa ya siku kwa mkebe. Huo mtambo wa Kilifi utaniuzia ethanoli ya kupika chakula cha jioni kwa shilingi ngapi?