Malkia Victoria na Lord Melbourne: kweli au chumvi ya tamthilia?

Mtazamaji: Wakuu, kwenye ile tamthilia ya 2016 ya Jenna Coleman, Victoria anamfuata Waziri Mkuu Melbourne hadi kwake Brocket Hall kumwambia anampenda. Lilitokea kweli? Halafu imekuwaje mwanamke ndiye akampose Albert, binamu yake wa Kijerumani aliyekuja kuwa mumewe?

Bi Zamani: Hiyo ya Brocket Hall ni chumvi, mkuu. Victoria alirithi ufalme tarehe 20 Juni 1837 akiwa na miaka 18. Melbourne alikuwa na 58. Rufus Sewell anayemwigiza hata 50 alikuwa hajafika, ndiyo maana yale mapenzi yanakuingia. Binti alifiwa na baba kabla ya kutimiza mwaka. Kule kasri la Kensington, London, alikokulia, mama yake na Sir John Conroy, msimamizi wa nyumba ya mama huyo, walimbana vibaya: alilala chumba kimoja na mama, na ngazi hashuki mpaka ashikwe mkono. Siku ileile ya kuwa malkia aliamuru kitanda chake kihamishwe. Sasa mtu wa namna hiyo akimpata mzee mcheshi, mjane, anayekaa naye saa nyingi kila siku, atamganda tu. Mimi nayaita mapenzi ya binti kwa baba, ila yana wivu ndani yake.

Kitabuni: Ushahidi upo. Binti yake Beatrice aliinakili shajara ya mama yake akipunguza mambo, kisha akachoma ya asili. Bahati nzuri Lord Esher, mhariri wa barua za Victoria, alikuwa ameshapiga chapa nakala kamili ya sehemu inayofika Februari 1840. Kwa hiyo miaka ya Melbourne kabla ya ndoa ya malkia tunayo yote: "Lord M", yaani Melbourne, kila ukurasa, ungamo la mapenzi halimo. Kilichowaponza hasa ni siasa. Mei 1839 Melbourne alijiuzulu, na Robert Peel wa chama pinzani cha Tory, aliyetakiwa kushika nafasi yake, alitaka baadhi ya mabibi wa heshima wanaomhudumia malkia waondoke, maana waume zao walikuwa Whig, chama cha Melbourne. Victoria akakataa katakata, Peel akashindwa kuunda serikali, Melbourne akarudi. Watu wakawa wanamzomea "Mrs Melbourne".

Bi Zamani: Na posa: malkia anayetawala haposwi, hakuna mwenye cheo cha kumtamkia. Victoria na Albert walishaonana 1836 bila moto wowote. Albert na kaka yake walifika kasri la Windsor jioni ya tarehe 10 Oktoba 1839, mizigo imechelewa, wakakosa nguo za kukaa mezani na malkia. Tarehe 15, kama saa sita na nusu mchana, Victoria akamwita chumbani kwake akamposa. Ndoa ikafungwa 10 Februari 1840. Bunge lilimpunguzia Albert posho kutoka pauni 50,000 zilizoombwa hadi 30,000, jambo lililomkera Victoria kuliko Albert.

Kitabuni: Ukitazama na ile filamu ya 2009 ya Emily Blunt, usikubali Albert kupigwa risasi mkononi. Kijana Edward Oxford aliwafyatulia bastola mbili tarehe 10 Juni 1840, barabara ya Constitution Hill, London, Victoria na Albert wakiwa kwenye gari la farasi, Victoria mjamzito. Hakuna aliyeguswa.