Mzungu kaniita "nosy" kazini: ni tusi au utani?

Mama Juni: Wakuu, habari za jioni. Niko Leicester, Uingereza, nafanya kazi nyumba ya kutunza wazee. Kuna mwenzangu Mwingereza tumezoeana sana. Jana wakati wa chai nikamuuliza ana watoto wangapi, akasema hana. Nikauliza kwa nini, na kama ameolewa. Akacheka: "You're so nosy!" Sasa hapo nimetukanwa au nimetaniwa? Nimwombe radhi au nipotezee?

Kipanga: Dada, si tusi, ila sifa nayo siyo. Neno limetoka kwenye nose, pua. Mtu anaipeleka pua yake pasipomhusu. Kwetu huyo ni mdaku. Usimchanganye na mmbea. Mmbea anasambaza, lakini nosy kazi yake kuulizauliza na kuchungulia, hata kama hamwambii mtu.

Mtu wa Pwani: Pilipili usiyoila yakuwashia nini? 😂

Bi Sauda: Mtu wa Pwani, mwache mwenzio. Huku kwetu kumuuliza mtu habari za watoto ni salamu, usipouliza unaambiwa unaringa. Waingereza mambo ya ndoa, watoto, umri na mshahara huyaulizi mpaka mwenyewe ayaanze. Na hilo la "kwa nini huna", mwanangu, hata hapa Tanga linachoma, hujui mwenzio kapitia nini. Zungumza naye habari za mvua, au wikiendi anakwenda wapi.

Kipanga: Kweli Bi Sauda. Ila kwa kuwa alicheka, amekuwekea mpaka kistaarabu tu. Wenyewe hujisema hivyo kabla ya kuuliza: "I don't mean to be nosy, but..." Ukitaka kumsifia mtoto mdadisi, sema curious. Ukimwita nosy, mama yake atanuna.

Mzee wa Kamusi: Zamani nosy alikuwa mwenye pua kubwa, basi. Wellington, jemadari wa Waingereza aliyemshinda Napoleon pale Waterloo mwaka 1815, askari wake walimwita Old Nosey. Kuna na "Nosey Parker", jina la kumwita mdaku, ambalo watu humbandika Askofu Mkuu Matthew Parker aliyefariki 1575. Hadithi tamu, lakini jina lenyewe limekuja kuonekana kwenye maandishi zaidi ya miaka 300 baadaye. Mimi siiamini.

Mama Juni: Asanteni wote. Kesho chai namtengenezea mimi, na ya watoto siulizi. Mbona kuna nosy na nosey?

Kipanga: Zote sahihi. Hiyo yenye e utaikuta zaidi huko huko uliko.